Wufa Haiendi Matangani

Kabla ya kufungua hata waya mmoja, Mzee wa Mitambo alipiga kofi. Alisimama katikati ya sebule ya watu, akatazama pazia, akatazama mabati ya juu, akapiga kofi moja kavu na kunyamaza. Halafu akasogea karibu na kabati na kupiga jingine. Wasiomjua walidhani ameanza maombi. Kuna mama mmoja pale Kihoto aliyeinamisha kichwa na kuitikia amina, na sidhani kuna mtu aliyewahi kumweleza kwamba mzee alikuwa anasikiliza tu jinsi chumba kinavyorudisha sauti, ili ajue spika zikae wapi.

Tulikuwa majirani Naivasha kwa miaka mingi, nyumba zetu zikigawana ukuta mmoja, yeye upande wa ziwa na mimi upande wa barabara. Kihoto ni mtaa wa watu wa mashamba ya maua. Mimi nilikuwa napanga maua bandani, yeye alikuwa fundi wa umeme kwenye vyumba baridi vya shamba jingine. Lakini hakuna aliyemjua kwa vyumba baridi. Alijulikana kwa mitambo yake ya wikendi: amplifaya moja nzito, spika mbili ndefu, maiki, na wufa, lile sanduku la besi, ambalo alilitengeneza kwa mikono yake kwa mbao za plaiwudi. Harusi, mkutano wa kanisa, mahafali ya nasari, matanga, kote aliitwa yeye. Alizaliwa wapi sijui. Kihoto mtu haulizwi hayo. Anaulizwa yuko shamba gani na kama maji hufika kwake.

Ungedhani mtu wa kazi kama hiyo anapenda kelele. Thubutu. Alikuwa anaongea chini mpaka unamwinamia kama unayeambiwa siri, na siri yenyewe ni kwamba mvua inakuja. Akipita karibu na duka lililoweka spika nje zinazokwaruza, alivuka barabara. "Kelele ni sauti imekosa adabu," alisema, na hilo lilikuwa tusi lake kubwa kuliko yote. Kujaribu maiki hakuhesabu moja mbili kama wengine. Alisema polepole, "Hamjambo watu wa nyuma," kisha akangoja. Mpaka mtu wa safu ya mwisho kabisa ainue mkono, harusi haikuanza, hata kama bibi harusi amesimama langoni anatokwa na jasho.

Mimi si mtu wa kungoja kufanyiwa vitu. Nilipojinunulia amplifaya na spika zangu mbili, nilijiunganishia mwenyewe Jumapili moja baada ya kanisa, nikaweka wimbo, nikaketi kwenye kochi. Wimbo ulitoka, lakini ulikuwa mwembamba, umekonda. Nikaongeza sauti. Ukazidi kukonda, sasa kwa nguvu. Mara nikaona kivuli mlangoni.

"Nani ameunga hii?"

"Ni mimi, mzee."

"Umejaribu. Keti hapo katikati. Unaskia besi?"

"Kidogo sana."

"Sasa simama uende pale kando ya mlango."

Nikaenda. Pale mlangoni besi ilikuwepo, imejaa tele, na nikirudi kwenye kochi inapotea. Nilidhani nimeuziwa kitu kibovu. Mzee alizima, akachomoa plagi ukutani, maana hakugusa waya wa amplifaya iliyo na moto hata siku moja, kisha akatoa betri ya tochi kwenye mfuko wa koti. Betri hiyo haikuwahi kutoka mfukoni mwake, hata siku za ushirika mtakatifu. Alivua kitambaa nilichofunika spika ya kwanza, akagusisha nyaya zake kwenye betri, na ile karatasi nyeusi ya spika ikaruka nje kidogo. Akafanya vivyo hivyo kwa ya pili. Hiyo ikavutwa ndani.

"Umeona?" aliniuliza. "Huyu anatoka, huyu anaingia. Mmoja akisukuma, mwenzake anameza. Hakuna kitu kitakufikia hapo umekaa."

Nilikuwa nimeweka waya mwekundu mahali pa mweusi kwenye spika moja, basi. Akaugeuza, akanionyesha nisokote ncha za shaba vizuri zisiachie unywele mmoja ukagusa jirani, akahakikisha sauti imeshushwa kabisa, ndipo akawasha. Kochi langu likapata besi. Nilimpikia chai na akainywa amesimama nje.

Tangu siku hiyo nikaanza kusikia maneno yake kwa njia nyingine. Wazee wawili wa kanisa waligombana mpaka hawakai benchi moja, na kila mtu alikuwa na upande wake. Mzee wa Mitambo alisema tu, "Hao si wabaya. Wameungwa kinyume." Mume na mke wa nyumba ya tatu walipokuwa wanarushiana sufuria, alisema hivyo hivyo. Mimi nilimwambia mwingine ni mbaya tu, mzee, hata ukigeuza waya. Akacheka bila sauti, mabega yakipanda na kushuka.

Nilipopata wufa yangu ndogo baadaye, nilimwita kabla ya kugusa chochote, nimekwisha kuwa na akili. Alifanya kitu ambacho watoto wa ploti walikuja kukichungulia dirishani. Aliiweka wufa juu ya kochi, mahali hasa ninapokaa mimi, akawasha wimbo, kisha akavua koti, akapiga magoti na kuanza kutambaa kando ya ukuta, sikio chini, mzee mzima mwenye mvi. Alipita kwenye kabati, akapita nyuma ya mlango, akarudi, akatulia karibu na kreti la vitunguu. "Ni hapa," alisema. Mahali ambapo besi ilimfikia vizuri akiwa sakafuni ndipo wufa inapofaa kukaa, ili mimi nikirudi kwenye kochi nisikie alichokisikia yeye. Vitunguu vikahamishwa. Na kweli, ilikuwa tamu.

Watu wengi waliamini ile wufa kubwa ya mzee ni ya mzee. Haikuwa yake. Ilikuwa ya mkewe.

Mkewe tulimwita Mama Besi, yeye mwenyewe akiitikia kwa furaha. Alikuwa mama mnene wa kicheko, anauza chapati na uji asubuhi kwenye njia ya wafanyakazi, na sauti yake ya kawaida ingefika ng'ambo ya ziwa. Mzee alipenda sauti nyororo za juu, kwaya, habari, mtu anayesoma maandiko. Mama Besi alitaka kitu cha kutikisa vyombo kabatini. Ukimpigia wimbo aliuonja kama mchuzi. "Huu hauna tumbo," alisema, na wimbo huo ukawa umehukumiwa. Siku ambazo wufa haikuwa kazini ilikaa sebuleni kwao, imevikwa kitambaa chake cha kufuma chenye maua ya manjano, na yeye alikaa juu yake akimenya viazi.

"Baba Ciru, ongeza kidogo," ningemsikia ukutani, akimwita kwa jina la binti yao. "Hiyo inaskika kama redio ya askari wa geti."

"Imetosha, Mama Ciru."

"Imetosha nani? Mgongo wangu bado."

Alikuwa anasema ile wufa inamkanda mgongo. Mzee alipunguza, yeye akaongeza, mpaka maandishi ya kile kitufe yakafutika na hakuna ajuaye tena wapi ni juu na wapi ni chini isipokuwa wao. Na mzee, aliyekuwa akitukalisha wote katikati ya spika kwa kipimo, yeye mwenyewe hakukaa ndani. Aliketi nje kwenye kizingiti, mgongo ukutani, akisikiliza kupitia matofali. Nilimuuliza sababu. Akasema ukitaka kujua kama sauti ni nzuri, toka nje. Mimi nadhani alikuwa anamsikiliza mkewe akiimba juu ya besi, kwa sababu wimbo ukiisha na mama akiendelea peke yake, mzee hakuondoka. Wufa ikichukuliwa kwenda harusini Mama Besi aliifuata kwenye pikapu, ameikalia, akiwapungia watu mkono.

Kuna mwezi ule mtambo ulipata ugonjwa. Besi ikipigwa, kitu kinalia ndani, tikitiki-tikitiki, kama kijiko kwenye gilasi. Kwa mtu mwingine si neno. Kwa mzee ilikuwa aibu. Alikaza misumari yote ya sanduku. Alibadilisha nyaya. Alifungua amplifaya, akaipanga mezani vipande vipande, akaifunga tena. Harusi moja aliikataa kabisa, akisema hawezi kwenda mbele ya watu na tikitiki. Mama Besi alimpikia, akamhurumia, akamwambia apumzike, na hakusema kitu. Mwishowe mzee akaingiza mkono kwenye tundu la nyuma la wufa, lile la kupumulia, na mkono ukatoka na ufunguo.

Ulikuwa ufunguo wa akiba wa nyumba. Mama Besi alikuwa ameupigilia msumari mdogo ndani ya tundu na kuuning'iniza hapo, kwa sababu, alisema, hakuna mwizi atakayefikiria kutafuta huko.

"Mama Ciru," mzee alisema, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale nikila chapati, "nimefungua amplifaya mara ngapi?"

"Si ungeuliza."

"Ningeuliza nini? Kama umeweka ufunguo kwa wufa?"

Tulicheka mpaka chapati ikanipalia. Mzee aliutoa ufunguo siku za kazi na kuurudisha Jumapili jioni. Hilo silo jambo ningelitarajia kwa mtu aliyevuka barabara akikimbia spika inayokwaruza. Nyumbani kwake, na nyumbani tu, tikitiki iliruhusiwa.

Sasa niseme juu ya ile sheria yake, kwa sababu ndiyo iliyomleta mahali nilipomwona kwa mara ya mwisho. Wufa haiendi matangani. Mtaa mzima uliijua. Ukimwita kwa harusi alikuja na kila kitu. Ukimwita kwa mazishi alileta spika mbili, maiki na amplifaya, na wufa ikabaki nyumbani. Hakueleza. Sababu niliisikia siku tulipomzika baba yangu, kule Njoro.

Binamu zangu wa Nakuru mjini walikuja na miwani myeusi na maoni. Walimzunguka mzee wakati anaunganisha.

"Buda, besi iko wapi? Hii inaskika ka ya kuuza mboga."

"Imebaki nyumbani."

"Si tutume gari iletwe? Ni mtu wetu tunazika, bana."

"Imebaki nyumbani," akasema tena, kwa sauti ile ile ya chini, akakaza waya mwekundu kwenye spika ya pili.

Jioni nilimkuta anakunja nyaya, kitanzi kwa kitanzi kiganjani, maana hakuwahi kukunja waya kwa kiwiko kama watu wanaokunja kamba ya mbuzi. Nikamuuliza kwa nini.

"Spika hizi ni za masikio," alisema. "Besi haitafuti masikio. Inapita kwa udongo, inapanda na miguu. Wewe leo umesimama kwa kaburi la babako, kila kitu chako kimetingika. Ardhi peke yake ndio imetulia. Mimi nije niitingishe ya nini?"

Nilikuwa sijalia siku hiyo yote, nilikuwa nahangaikia sahani na viti. Nililia hapo, mbele ya mzee na nyaya zake, na yeye akaendelea kukunja bila kunitazama ili nilie vizuri.

Si wote walioishukuru hiyo sheria. Kulikuwa na mama wa nyuma yetu aliyempoteza kijana wake wa bodaboda. Kijana huyo tulimjua wote kwa besi. Aliosha pikipiki yake Jumapili huku spika yake ndogo ikipiga mpaka povu linatetemeka kwenye ndoo. Mama yake alikuja kwa mzee mwenyewe, amejifunga kanga mbili, akaomba wufa iende. Wimbo mmoja tu, alisema, ule aliokuwa anaupenda. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akampa pole, akakataa. Alimwambia atakuja kumshukuru. Mama yule hakumshukuru. Kuanzia hapo alisalimia kila mtu wa ploti yetu, hata paka, na kumpita mzee kama mlingoti wa stima.

Usiku ule ule nilisikia ukutani Mama Besi akimwambia, na mara hiyo moja alikuwa ameshusha sauti:

"Huyo mama hakuomba umlinde. Aliomba wimbo."

Nikasikia mlango, mzee akitoka kwenda kizingitini.

Mama Besi mwenyewe aliligeuza kuwa mzaha, kwa sababu kila kitu kwake kilipata njia ya kuwa mzaha. Akiwa amekaa juu ya wufa yake na bakuli la viazi, alianza, "Mimi siku yangu mtaniwekea besi. Msinizike na hizo sauti za mbu."

"Wufa haiendi matangani," mzee aliitikia toka nje kizingitini.

"Basi mi sikufi."

Akajipiga paja, akacheka. Mara ngapi nimeyasikia maneno hayo mawili, sheria na jibu lake, kupitia ukuta ule. Yalikuwa kama salamu yao. Sikuwahi kufikiri kwamba mmoja wao angelazimika kuyamaliza.

Kisha ziwa likaja. Halikuja na kelele, hilo mzee angelipenda. Lilianzia vyooni, likaingia uani, siku nyingine ukiamka viatu vimehama. Watu wa upande wa chini walitangulia kuhama, sisi tukajidanganya kidogo, halafu asubuhi moja maji yakawa chini ya vitanda na hakuna tena wa kumdanganya. Mzee alikuwa anataka waanze na godoro na friji. Mama Besi alikuwa amekwisha kushika wufa upande mmoja.

"Godoro litakauka," alisema. "Shika huko."

Wakaibeba wawili, mabegani, maji yakiwafika mapajani, na kile kitambaa cha maua ya manjano kikiwa bado kimeifunika. Mimi nilibeba amplifaya kichwani. Shingo yangu haijanisamehe. Mama Besi alirudi mara ya mwisho, akafunga mlango kwa kufuli kama mtu anayeenda sokoni, ingawa kulikuwa na samaki wadogo sebuleni. Wao walikwenda Mai Mahiu, kwenye shamba lao dogo chini ya mteremko, mimi nikapata kazi Nakuru nikahamia huko. Nyumba zile mbili ukizitafuta leo utaona mabati ya juu na ndege wamekaa.

Nilimkumbuka sana. Nilikuwa kwenye nyumba ya ghorofa sasa, na spika zangu nilizipanga kwa kofi na kutambaa, nikijifungia mlango ili majirani wasinione. Tuliongea kwa simu siku za sikukuu, Mama Besi akiongea na mzee akihema kwa nyuma. Halafu Ciru, binti yao, akanipigia simu siku ya kawaida, na nilijua kabla hajasema.

Mama Besi alikuwa ameugua muda mfupi. Mazishi yangekuwa hapo hapo shambani.

"Baba amekataa tukodi mitambo ya mtu," Ciru aliniambia. "Anasema ataunganisha mwenyewe. Na mum alimwomba besi. Hata hosi, kitandani, alimwomba, na hiyo siku hakuwa anacheka."

"Yeye amesema nini?"

"Hajasema kitu. Watu wa Kihoto wanakuja na basi la kanisa. Hata yule mama wa kijana wa boda ako kwa hiyo basi. Akiweka besi, atamwangalia aje? Na asipoweka?"

Hapo Ciru alikuwa amelisema lote. Mzee hakuwa na mahali pa kugeukia. Ama amnyime mkewe kitu alichoomba kwa dhati, ama ampe yeye alichomnyima mama wa watu. Nilisafiri kutoka Nakuru kabla ya mapambazuko.

Nilifika mapema. Shamba lile liko karibu na barabara ya malori, udongo wake ni laini kama unga, ukikanyaga kiatu kinazama. Mzee alikuwa amekonda ndani ya suti. Alishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Jirani," basi, akarudi kwenye nyaya. Nilimwangalia akifanya kama siku zote: spika kwanza mahali pake, waya mwekundu, waya mweusi, betri ya tochi kwa kila moja ingawa alikuwa ameziunga hizo hizo maisha yake yote, sauti chini kabisa, jenereta mwisho. Hakupiga kofi. Hapakuwa na ukuta wa kurudisha sauti.

Wufa sikuiona.

Basi la kanisa lilipofika, watu walishuka na kumpa pole mmoja mmoja. Yule mama alishuka mwisho na kusimama kando akijipangusa vumbi. Mzee aliacha maiki, akamwendea. Nilikuwa karibu na meza ya maji, nikasikia.

"Mama, mimi nilikunyima kitu," mzee alisema. "Nilisema ni kwa ajili yako. Haikuwa yangu kusema. Nisamehe."

Mama alitazama malori yanayoshuka mteremko.

"Leo pia watu hawataskia," mzee aliendelea. "Sitaki kutingisha mtu. Lakini ukitaka, wimbo ukianza, kuja usimame upande wangu."

Sikuelewa anachozungumzia, na niliona wazi kwamba mama yule pia hakuelewa. Ibada ilikwenda. Mhubiri alihubiri, sauti ikitoka safi, kila neno na adabu yake. Mtu wa nyuma kabisa alikuwa ameinua mkono kabla haijaanza. Ciru alisoma maneno machache akashindwa katikati, dada mmoja akammalizia. Jeneza likashushwa, wanaume wakarudisha udongo, na kwaya ya Kihoto ikasogea kando ya rundo la maua ambayo, kwa kuwa ni sisi, yalikuwa mengi kuliko mazishi ya tajiri yeyote.

Hapo ndipo nilipoona turubai upande wa kichwani mwa kaburi, na chini yake ncha ya kitambaa cha maua ya manjano. Wufa ilikuwa imelazwa. Harusini ilisimama ikiwatazama watu. Leo mzee alikuwa ameilaza kifudifudi juu ya vipande viwili vya tofali, uso wake ukitazama udongo.

Kwaya ikaanza, na mzee akagusa kile kitufe kilichofutika maandishi.

Sikusikia kitu. Nilisikia kwaya, nilisikia spika mbili, nyembamba na nzuri. Nilipoanza kuhisi mtetemo kwenye nyayo nilidhani ni lori linapita, nikageuka, na barabara ilikuwa tupu. Ulikuwa unapanda na miguu kama alivyoniambia Njoro. Kwa hatua chache tu kutoka pale, watu waliimba bila habari. Hakuwaletea wao. Alikuwa ameupeleka chini, kwa njia ile ile aliyotukinga nayo miaka yote, kwa mtu mmoja aliyekuwa kwenye udongo.

Yule mama wa kijana wa boda alikuwa ametoka kwenye mstari. Alikuja polepole akasimama upande wa mzee, akakaa kidogo akitazama miguu yake. Kisha akavua viatu.

Mhubiri alitikisa kichwa kwa sababu kitu kilikuwa kinalia chini ya turubai, tikitiki-tikitiki, kidogo sana, ndani ya sanduku. Kijana wa kwaya anayejifanya anajua mitambo akainama kuja kuangalia. Mimi nilijua ni nini. Ule ufunguo wa akiba wa nyumba ya Kihoto, nyumba iliyo chini ya ziwa sasa, ulikuwa bado humo.

"Mzee, kuna kitu inapiga kelele," kijana alinong'ona. "Nitoe?"

Mzee wa Mitambo alimshika mkono. Alikuwa analia wazi wazi, na alikuwa ameinamisha sikio kama mtu aliyeketi kizingitini.

"Iache," alisema. "Hiyo ni ya nyumbani."